Mwongozo Kamili wa Kutambua Saini Feki za Mastaa Zinazouzwa Mtandaoni

Wanaouziwa saini feki si watu wasiolinganisha. Wengi wao walilinganisha. Walitafuta picha ya saini halisi, wakaiweka ubavuni mwa ile inayouzwa, wakaona zinafanana, wakalipa. Shida ni kwamba mghushi naye alianzia kwenye picha hiyohiyo. Kufananisha ndiyo kazi yake, na ameitazama saini hiyo mara nyingi kuliko wewe.

Kwa hiyo mwongozo huu umepinduliwa. Umbo la saini, ambalo kila mnunuzi hulikimbilia kwanza, hapa limewekwa hatua ya tano. Kabla yake yapo mambo ambayo mghushi huyasahau au hawezi kuyadhibiti: mwenendo wa duka lake, tarehe, aina ya kalamu, kasi ya mkono. Ukigundua kasoro ya wazi katika hatua yoyote, funga tangazo na uondoke. Usisonge mbele ukitafuta hatua itakayokufariji.

Kubali pia jambo moja mapema. Kwa picha za kwenye skrini unaweza kuthibitisha kwamba saini ni feki, lakini huwezi kuthibitisha kwamba ni halisi. Mwisho wa uwezo wako ni kusema, "Nimetafuta kosa kwa bidii, sikuliona." Anayekuahidi zaidi ya hapo kwa kutazama picha anakuuzia kitu.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Picha nne za kitu chenyewe: mbele nzima, nyuma nzima, saini kwa karibu sana, na moja iliyopigwa kwa kuinamisha huku mwanga ukitoka ubavuni. Zisipokuwepo kwenye tangazo, muuzaji anaombwa.
- Saini za kulinganishia zisizopungua kumi, za mtu huyohuyo, kutoka vyanzo tofauti, na ambazo mwaka wake unajulikana.
- Tarehe muhimu za maisha ya staa: kuzaliwa, kubadili jina, ugonjwa, kifo.
- Programu yoyote ya picha inayoweza kuweka picha moja juu ya nyingine na kuipunguzia ukolezi ili ya chini ionekane.
- Lenzi ya kukuzia mara 10, na tochi ya mwanga wa urujuanimno, ile inayotumika kukagua noti. Hizi utazihitaji mzigo ukifika.
- Njia ya malipo inayokuwezesha kudai fedha zako.

Juu ya saini za kulinganishia niongeze neno. Usizitoe kwenye matokeo ya utafutaji wa picha peke yake, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachojitokeza pale ni matangazo ya wauzaji, na feki zimejaa humo. Saini bora ni zile zilizowekwa kwa sababu za kisheria: mikataba, hundi, wosia, hati za kusafiria. Zinazofuata ni zile zilizochukuliwa kutoka kwenye video ambamo staa anaonekana akisaini na kalamu ikiinuka mbele ya macho yako. Katalogi za nyumba za mnada kama Christie's, Sotheby's na Heritage Auctions zinasaidia pia, ila nazo zimewahi kukosea. Chukua kutoka sehemu nyingi ili kosa la sehemu moja lisikupotoshe.

## Hatua ya 1: Mchunguze muuzaji kabla ya saini

Fanya hivi: Fungua orodha nzima ya vitu anavyouza sasa na vile alivyokwisha kuuza. Jiulize mtu wa kawaida angevipataje vyote hivyo. Kisha chukua picha ya tangazo uitafute kinyumenyume mtandaoni, uone kama imeibwa kutoka mnada wa zamani.

Kwa nini: Saini feki hutengenezwa kwa wingi. Anayeghushi Muhammad Ali haghushi moja, na akichoka na Ali anahamia kwa Bob Marley, kisha Marilyn Monroe. Ukiona majina hayo yote kwenye duka moja, yote kwa makapeni ileile nyeusi, yote kwenye picha za ukubwa uleule, umeshapata jibu kabla ya kukuza chochote. Mwishoni mwa miaka ya 1990, FBI walipouvunja mtandao wa waghushi wa California katika operesheni iliyoitwa Bullpen, miongoni mwa bidhaa za mtandao huo kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mother Teresa. Hebu fikiri: nani alimpelekea mtawa yule mpira wa besiboli ausaini? Swali hilo la kawaida kabisa lingemwokoa mnunuzi, lakini wanunuzi hawaulizi maswali ya kawaida wakishapenda kitu.

Tahadhari: Usihadaike na alama za juu za wateja. Nyota tano zinakuambia kwamba mzigo ulifika na ulifungwa vizuri. Mnunuzi aliyeuziwa feki asiyoijua naye anatoa nyota tano.

Bei nayo isikuchukulie muda mrefu. Saini ya staa mkubwa ikiuzwa kwa sehemu ndogo ya bei ya minadani, hiyo si bahati. Ila bei kubwa nayo haithibitishi kitu. Waghushi wamekwisha kujifunza kwamba bei ya chini inawafichua.

Ukifaulu: Una muuzaji anayejitambulisha kwa jina, anayekubali kurudishiwa kitu, na ambaye orodha yake inaeleweka, kwa mfano mtu anayeuza mkusanyiko wa wachezaji wa timu moja wa kipindi kimoja.

## Hatua ya 2: Pambanisha tarehe

Hatua hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu haihitaji jicho la kitaalamu. Inahitaji hesabu. Na tarehe haina maoni: kalamu ama ilikuwepo ama haikuwepo.

Fanya hivi: Andika miaka minne: mwaka staa alipofariki (kama amefariki), mwaka kitu kilipotengenezwa, mwaka aina ya kalamu ilipoanza kuuzwa, na mwaka ambao muuzaji anadai saini iliwekwa. Kisha tafuta mgongano.

Anza na kalamu. Sharpie, makapeni inayopendwa na wanaosaini, iliingia sokoni mwaka 1964. Marilyn Monroe alifariki Agosti 1962 na mwigizaji mwenzake wa Hollywood, Humphrey Bogart, mwaka 1957. Saini zao kwa Sharpie haziwezekani, na bado zinauzwa. Bolpeni zilianza kuuzwa madukani Marekani Oktoba 1945. Rais Franklin Roosevelt alikufa Aprili mwaka huohuo, hivyo barua yake iliyosainiwa kwa bolpeni ina maswali mengi ya kujibu. Kalamu za jeli zilitoka mwaka 1984, zikitengenezwa na kampuni ya Kijapani ya Sakura. Bob Marley alifariki Mei 1981. Ukiona jina lake kwa wino wa jeli wa fedha au dhahabu juu ya jalada jeusi, pitisha macho uendelee na safari yako.

Geukia kitu chenyewe. Albamu ya Legend, ile iliyokusanya nyimbo za Bob Marley, ilitolewa mwaka 1984, miaka mitatu baada ya mazishi. Nakala yake "iliyosainiwa na Bob" haihitaji lenzi. Fanya hesabu hiyohiyo kwa mabango, majalada, kadi na jezi: tafuta mwaka wa toleo lile hasa, maana jalada la zamani huchapishwa upya mara nyingi na toleo jipya huwa na msimbo wa mistari au anwani ya kampuni ambayo toleo la kwanza halikuwa nayo. Kwa picha, omba kuona mgongo. Bruce Lee alifariki mwaka 1973. Picha yake iliyochapishwa kwa printa ya kompyuta, hata kama sura ni ya mwaka 1971, imetoka juzi.

Mwisho, tazama maisha ya msainiji. Muhammad Ali alikuwa Cassius Clay hadi Machi 1964. Saini ya "Muhammad Ali" yenye tarehe ya 1962 pembeni imejihukumu yenyewe. Neil Armstrong aliacha kuwasainia watu katika miaka ya 1990. Ringo Starr, mpiga ngoma wa The Beatles, alitangaza Oktoba 2008 kwamba hatasaini tena vitu vinavyotumwa na mashabiki. Mtu akikuambia alimpostia picha mwaka 2015 ikarudi imesainiwa, mwache na hadithi yake.

Tahadhari: Sheria inakwenda upande mmoja tu. Kitu kinaweza kuwa cha zamani kuliko saini, kwa kuwa Ali angeweza kusaini jina lake jipya juu ya picha ya Olimpiki ya Roma ya 1960 miaka ishirini baadaye. Kisichowezekana ni saini kuwa ya zamani kuliko kitu. Na usifurahie sana karatasi iliyochakaa: waghushi hununua vitabu vya zamani visivyo na thamani, wakachana kurasa tupu za mwanzo, na hapo wana karatasi halisi ya wakati ule.

Ukifaulu: Miaka yote minne inakaa pamoja bila kulazimishwa.

## Hatua ya 3: Hakikisha ni mkono wa mtu, tena mtu mwenyewe

Saini inaweza kuwa si ya kughushi na bado isiwe ya staa. Zipo njia nne, na tatu kati yake zilitoka ofisini mwa staa mwenyewe.

Ya kwanza ni saini iliyochapwa. Studio na timu huchapisha picha zenye saini ndani yake ili kuwagawia mashabiki. Kwenye picha ya karibu, tazama kama mng'ao wa karatasi unapita juu ya saini bila kukatika. Wino wa makapeni juu ya picha ya kung'aa huwa na mng'ao wake tofauti, wakati mwingine wa zambarau au shaba ukiinamisha. Hapa ndipo ile picha ya mwanga wa ubavuni inapolipa.

Ya pili ni muhuri wa mpira. Wino hujikusanya kingoni mwa mstari na katikati hupauka.

Ya tatu ni autopeni, mashine inayoshika kalamu halisi na kufuata kiolezo. Hii ni ngumu, kwa sababu wino ni wa kweli na kalamu iligusa karatasi kweli. John F. Kennedy aliitumia sana, na wanaanga wa Marekani pia. Usidhani ni mambo ya kale: mwaka 2022 mchapishaji wa Bob Dylan aliuza kitabu chake kwa dola 599 kikitangazwa kuwa kimesainiwa kwa mkono, wanunuzi wakaanza kuwekeana picha na kuona saini zao zinalingana. Ilikuwa mashine. Mchapishaji alirudisha fedha na Dylan akaomba radhi.

Wanunuzi wale walitumia njia ambayo nawe unaiweza. Chukua saini inayouzwa, iweke juu ya kila saini yako ya kulinganishia, ipunguzie ukolezi, irekebishe ukubwa hadi zifikiane. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa. Zikikaa juu ya nyingine herufi kwa herufi, mojawapo imetoka kwenye mashine au imenakiliwa kutoka kwa nyingine. Alama nyingine za autopeni ni unene usiobadilika tangu mwanzo hadi mwisho, nukta nzito kalamu inapotua na inapoinuka, na mtikisiko mdogomdogo wa mitambo kwenye mistari iliyopaswa kunyooka.

Ya nne ni mkono wa msaidizi. Mal Evans na Neil Aspinall, waliokuwa wakisafiri na The Beatles, waliwasainia mashabiki wengi sana kwa niaba ya wanamuziki wale. Picha nyingi zilizotumwa kwa jina la Jean Harlow, mwigizaji wa zamani wa Hollywood, zilisainiwa na mama yake. Ubaya wa aina hii ni kwamba hatua ya pili haiikamati: karatasi ni ya wakati ule, wino ni wa wakati ule, hata bahasha ya studio ipo. Muuzaji anaweza kuwa mkweli kabisa, akiuza alichopokea babu yake kwa posta. Kwa mastaa wa zamani, tafuta mifano ya saini za wasaidizi wao; wakusanyaji wamezichapisha, na hukaa katika mafungu yanayotambulika.

Ukifaulu: Saini haijalala sawasawa juu ya nyingine yoyote, na haifanani na mkono wowote wa msaidizi unaojulikana.

## Hatua ya 4: Soma mwendo wa mkono

Hapa tenga muda. Sahau kwa sasa kama herufi zimefanana. Swali ni moja: kalamu ilikuwa inakimbia au inatambaa?

Kwa nini: Mtu aliyesaini jina lake maelfu ya mara hafikiri tena. Mkono unaanza kusogea kabla kalamu haijagusa karatasi na unaendelea kusogea baada ya kuinuka. Mghushi anafikiria kila mkunjo, mithili ya mtoto anayepitisha penseli juu ya herufi za nukta alizoandikiwa na mwalimu. Anaweza kufikia umbo lilelile, lakini hawezi kuficha kwamba alilifikia polepole.

Fanya hivi: Geuza picha juu chini. Ubongo ukishindwa kusoma jina, jicho linaanza kuona mistari. Kuza, kisha ifuate saini tangu mwanzo hadi mwisho ukitazama haya:

*Mwanzo na mwisho wa mistari.* Kalamu iliyokimbia huingia na kutoka kwa ncha nyembamba, kama iliyovutwa. Kalamu iliyotambaa huanza na kuishia butu, mara nyingi kwa nukta ya wino pale mwandishi aliposita.

*Unene.* Mkono huru hukandamiza ukishuka na hulegea ukipanda. Ukiona unene mmoja kote, hasa kwa bolpeni, shuku. Makapeni huficha jambo hili, na hiyo ndiyo sababu mojawapo ya waghushi kuipenda.

*Mikunjo.* Tazama vitanzi na mizunguko mikubwa. Ikiwa mviringo una vipembe vidogo vidogo, mkono ulikuwa unasimama na kuanza tena.

*Kuinua kalamu.* Kila msainiji ana mahali pake pa kuinua. Mstari uliokatika na kuungwa mahali ambapo staa huwa haachi ni dalili mbaya. Mbaya zaidi ni mstari uliopigwa mara mbili ili kurekebishwa. Staa aliyezungukwa na watu mia hana haja ya kupendezesha herufi yake.

Ukitaka jicho lako lizoee haraka, fanya zoezi hili. Andika saini yako mara tano kwa kasi ya kawaida. Kisha chukua saini ya mtu wa nyumbani kwako uinakili mara tano kwa uangalifu mpaka ifanane. Weka zote chini ya lenzi. Tofauti ya mistari utakayoiona pale ndiyo unayoitafuta kwenye tangazo.

Tahadhari: Mtetemo peke yake si hukumu. Muhammad Ali aligundulika kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984, na saini zake za miaka iliyofuata zilizidi kubana na kutikisika. Wazee hutetemeka, waliovunjika mkono hutetemeka, na aliyesaini amesimama juu ya jezi laini hupinda mistari. Tofauti iko kwenye mgawanyo: mtetemo wa uzee au ugonjwa hujitokeza popote, hata kwenye mstari rahisi, ilhali wa mghushi hurundikana kwenye mikunjo migumu na kupotea kwenye mirahisi. Tena saini ya Ali ya 2005 iliyonyooka na kukimbia kama ya 1970 ndiyo ya kutiliwa shaka.

Ukifaulu: Unaweza kuifuata saini kwa kidole hewani kwa kasi moja bila kukwama, na kila mahali unene unapobadilika unaelewa kwa nini.

Wapo waghushi stadi waliofanya mazoezi hadi wakapata kasi. Hao hawanaswi hapa. Wananaswa kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 5: Sasa linganisha umbo

Fanya hivi: Chagua kati ya saini zako za kulinganishia zile za kipindi kilekile, tofauti isizidi miaka mitano hivi. Usilinganishe herufi moja moja kwanza. Linganisha uwiano: herufi kubwa ni mara ngapi ya ndogo, jina linapanda au linashuka kadiri linavyokwenda, pengo kati ya jina la kwanza na la pili ni pana kiasi gani, mstari wa mwisho unaishia wapi ukilinganisha na wa kwanza. Baada ya hapo ndipo uingie kwenye herufi.

Kwa nini: Mghushi stadi hujifunza herufi zenye madoido, zile ambazo kila mtu huzitambua. Uwiano na nafasi ni tabia za chinichini ambazo hata mwenye saini hajui kwamba anazo. Mwenye kasi akiandika kwa kasi, tabia zake mwenyewe ndizo zinazojitokeza.

Kuna mbinu moja ambayo sijaona watu wengi wakiitumia. Linganisha saini unayoitaka na saini za *mastaa wengine* kwenye duka lilelile. Ikiwa "a" ya Marley na "a" ya Ali zinafungwa kwa namna moja, majina yote yanapanda kwa mteremko mmoja, na yote yamewekwa pembe ileile ya picha, wote wametoka mkononi mwa mtu mmoja. Vivyo hivyo kwa vitu vyenye saini za kundi zima: wanamuziki wanne au wachezaji kumi na mmoja hawakandamizi kalamu kwa nguvu moja wala hawajipangi kwa adabu bila kugusana.

Maneno ya ziada nayo yana faida. Saini yenye "Kwa fulani, nakutakia heri" huuzwa kwa bei ndogo, na wanunuzi wengi huikwepa. Mimi ningeanza na hiyo. Kila neno la ziada ni mwandiko zaidi ambao mghushi anapaswa kuupatia, na mwandiko wa kawaida wa mastaa wengi ni mgumu kupatikana wa kuigiza.

Tahadhari: Saini ya haraka ya barabarani haifanani na iliyowekwa mezani kwa utulivu. Linganisha ya haraka na za haraka. Ukikosa mifano ya kutosha ya aina hiyo, jibu lako ni "sijui", na "sijui" maana yake hununui.

Ukifaulu: Saini inaingia ndani ya mipaka ya mabadiliko ya kawaida ya mtu yule, bila kuwa nakala ya mojawapo.

## Hatua ya 6: Kipime cheti kama unavyopima saini

Cheti cha uhalisia kilichoandikwa na muuzaji mwenyewe hakina uzito. Aliyeweza kughushi jina la staa hatashindwa kuchapa karatasi yenye mapambo ya dhahabu. Hologramu nazo hununuliwa kwa mafungu.

Vyeti vyenye thamani sokoni ni vya kampuni huru zinazojulikana, kama PSA/DNA, JSA na Beckett, kila moja ikiwa na namba kwenye stika. Fanya hivi: andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni, ingiza namba, kisha soma maelezo yanayotokea. Usibofye kiungo alichokutumia muuzaji wala kuskani msimbo alioubandika, maana unaweza kukupeleka kwenye tovuti bandia.

Namba kuwepo hakutoshi. Waghushi hunakili namba halisi ya kitu kingine. Ikiwa rekodi inasema "picha ya inchi 8 kwa 10, wino wa bluu" na wewe unauziwa jezi, umemaliza. Rekodi ikiwa na picha, linganisha mahali saini ilipokaa, milimita kwa milimita.

Fahamu pia tofauti ya aina mbili za uthibitisho. Moja ni maoni: mtaalamu alitazama akaona inaelekea kuwa halisi, na wataalamu hukosea. Nyingine ni ushahidi: mwakilishi wa kampuni alikuwepo staa akisaini. Michael Jordan, kwa mfano, ana mkataba wa saini na Upper Deck, kampuni ya kadi za wanamichezo, tangu mwaka 1992, na vitu vya mkataba huo vina hologramu na namba zake. Jordan asiye na uthibitisho huo si lazima awe feki, ila nenda kwake ukiwa na mashaka zaidi.

Picha ya staa akiwa na muuzaji haithibitishi kitu, labda ionekane saini ileile juu ya kitu kilekile.

## Hatua ya 7: Muulize muuzaji, kwa adabu

Andika ujumbe mfupi:

"Habari. Nimevutiwa na picha hii. Naomba kujua ilisainiwa wapi na mwaka gani, na wewe uliipataje. Naomba pia picha ya nyuma na moja iliyopigwa kwa pembe karibu na dirisha. Mtaalamu huru akiikataa baada ya kununua, utanirudishia fedha ndani ya muda gani?"

Muuzaji mkweli asiyejua atasema hajui. Tapeli hutoa hadithi ndefu isiyo na tarehe: mjomba aliyefanya kazi hotelini, mkusanyaji asiyetaka kutajwa jina. Ukiambiwa "wengine wawili wanaitaka, amua leo", amua kuondoka.

Ukiwa bado na hamu lakini huna uhakika, baadhi ya kampuni za uthibitisho hutoa maoni ya haraka kwa kutazama picha za tangazo, kwa ada ndogo. Si cheti, lakini "hapana" yao inakuokolea fedha nyingi.

## Hatua ya 8: Lipa, pokea, kagua

Lipa kwa kadi ya benki au huduma yenye ulinzi wa mnunuzi. PayPal inampa mnunuzi siku 180 za kufungua madai, lakini si kwa fedha uliyotuma kama kwa rafiki au ndugu. Muuzaji anayekuomba utume kwa njia hiyo "ili kukwepa makato" anakuomba uvue ulinzi wako.

Mzigo ukifika, rekodi video ukiufungua. Kisha lenzi. Nukta ndogo za rangi ndani ya mstari maana yake printa. Chembe za unga zilizoyeyuka juu ya karatasi maana yake printa ya leza. Bolpeni inapaswa kuacha mfereji unaohisika ukipitisha mwanga ubavuni, makapeni haiachi. Mistari inapokatana, wino halisi wa mkono kwa kawaida hukolea zaidi. Tafuta mikunjo ya karatasi inayokutana na saini: wino ukiwa umezama na kutawanyika ndani ya ufa, saini ilikuja baada ya karatasi kuchakaa. Kwenye kitu kinachodaiwa kusainiwa kikiwa kipya, hilo ni kosa kubwa.

Washa tochi ya urujuanimno gizani. Karatasi nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1950 zina viongeza weupe vinavyowaka bluu; karatasi inayodaiwa kuwa ya 1935 haipaswi kuwaka hivyo. Mwanga huo pia hufichua mahali palipofutwa, pengine jina la mtu aliyeandikiwa awali.

Usilowanishe, usisugue kwa spiriti, usikwangue. Ukiharibu kitu, unapoteza haki ya kukirudisha, hata kikiwa feki.

Ukipata kosa, andika kwa muuzaji siku hiyohiyo ukiambatanisha picha za lenzi, na ufungue madai kwenye jukwaa ulilonunulia bila kusubiri ahadi zake. Hifadhi nakala ya tangazo, ujumbe wote na risiti mahali pamoja. Tangazo mara nyingi hufutwa mara tu unapolalamika. Na usikiuze tena kitu hicho ili kufidia hasara, kwa kuwa sasa unajua ni feki, na sheria inakutazama kama ilivyomtazama aliyekuuzia.